Meza Aliyoipasua Anselme

Saa mbili asubuhi, Mangobo, mjini Kisangani, tayari kuna joto, na Anselme Botuli anafuta vumbi kwenye mashine ya kupiga chapa ambayo hajaiwasha tangu wiki iliyopita. Ina mikono minne ya chuma inayozunguka, kila mmoja kwa rangi yake. Ni mashine nzuri, hilo hakuna anayelipinga. Mtaa mzima hauna kitu kinachong'aa hivyo.

Mlangoni amesimama Mama Wivine, muuza samaki wa kule kwenye maporomoko, na kitenge cha yadi sita begani. Chama chao kimefiwa na mwenyekiti wake, na wanawake wote wanataka sura yake kwenye vitenge vya kuondolea matanga.

"Papa Anselme, nasikia ulinunua machine ya kizungu. Bon, utatupigia hii pagne leo?"

"Mama, machine iko muzuri, lakini iko ya tricot tu, zile fulana. Pagne haiingie."

"Mbele, miaka yote, ulikuwa unatupigia."

"Mbele, ndiyo. Mbele kulikuwa meza ya Bilali."

Mama Wivine anakunja kitenge chake taratibu, anasema pole kana kwamba aliyefiwa ni Anselme, kisha anaondoka.

Anselme ana miaka hamsini na miwili, na kupiga chapa kwenye nguo ndiyo kazi iliyomlea na kumzeesha. Kwa muda mwingi wa kazi hiyo alitumia meza ya mbao aliyojengewa na Bilali, seremala wa mtaa wa Kabondo na rafiki yake tangu ujana. Ilikuwa ndefu kupita kitanda, hata kipande cha yadi mbili kilitandikwa juu yake bila kukunjwa. Bawaba zake, za kuinulia fremu za picha, zilitoka kwenye mlango wa nyumba ya marehemu mama yake Bilali. Mpira wa kusukumia wino ulikatwa kwenye tairi la lori na kubanwa kati ya vibao viwili.

Hata taa ya kuchomea picha hawakuwa nayo. Fremu yenye kitambaa kilichopakwa dawa, na picha juu yake, iliwekwa uani, chini ya kioo cha dirisha kuukuu, jua lifanye kazi yake. Anselme alihesabu muda kwa Salamu Maria. Jua likiwa kali, fungu moja la rozari lilitosha. Wingu likipita, Bilali alitazama juu na kusema, "Ongeza." Bilali ni Mwislamu, lakini Salamu Maria ngapi zinahitajika kwa kila wingu, alijua kuliko katekista yeyote.

Hakuwa mwajiriwa wa mtu. Alikuja asubuhi, akakaza skrubu zilizolegea, akachonga fremu mpya, na mchana wakala pamoja chakula cha Ursule, mke wa Anselme.

Kilichoharibu mambo, Anselme anakiri, ni haya. "Watu walikuwa wanaingia, wanaona mbao, wanacheka. Wanasema: hii njo atelier ya kazi? Alors miye nikaanza kuona meza vibaya."

Akauza pikipiki yake, akakusanya dola elfu moja na mia nne, akaagiza mashine kwa mfanyabiashara mmoja wa Kivu ya Kaskazini. Mfanyabiashara yule alimuuliza swali moja la maana: anapiga chapa kwenye nini? Anselme akajibu, fulana. Alikuwa akiwaza maduka ya katikati ya mji. Vitenge vilivyomlisha miaka yote hata havikumjia akilini.

Mashine ilipofika, chumba hakikutosha. Ursule alishauri meza ihifadhiwe kwa dada yake. Anselme akakataa, akachukua shoka, akaipasua kuni.

Mchana Bilali alikuja kama kawaida. Uani akakuta mguu wa meza ukiwaka chini ya sufuria, na alama zake za patasi bado zikionekana. Hakugomba. Aliuliza tu, "Na bawaba za mama?"

Anselme akazitafuta kwenye takataka, akampa. "Angenitukana, ingekuwa afazali," anasema, macho chini. "Alizikamata, akaenda. Hakukula."

Sasa mashine hupiga fulana vizuri sana, umeme ukiwepo. Lakini fulana huja kwa msimu. Hapa Kisangani watu huoana na kufiwa mwaka mzima, na hufanya yote mawili wakiwa na kitenge.

Alijaribu fundi mwingine wa kumjengea meza. Meza yake ilicheza, rangi hazikukutana, na bibi harusi mmoja akatoka na mdomo shavuni. Anselme alicheka aliponisimulia hilo. "Hata kama ingekuwa muzuri," alisema, "ile saa ya jua ningebaki na nani?"

Mwezi uliopita alinunua mbao ngumu zilizotoka njia ya Bengamisa, akazifunga kwenye toleka, baiskeli ya kukodi, akazisukuma hadi Kabondo. Bilali alikuwa akipiga randa mlango. Alizitazama mbao, hakumtazama mwenye mbao. "Weka pale," akasema, akionyesha ukuta wa nje.

Tangu hapo Anselme akawa anapita kila alasiri, akijidai ananunua chumvi mtaa ule. Mbao ziliegemea palepale, zikipigwa na jua na mvua. Ijumaa iliyopita, baada ya dhoruba, alikuta ukuta mtupu. Aliamini zimechomwa, na akaona Bilali ana haki.

Djamila, binti yake Bilali, alikuwa akifagia. Alimwona amesimama barabarani, akamfuata.

"Tonton, unatafuta mbao? Papa aliziingiza mu chumba yake. Alisema mbao ya meza hailale inje."

Anselme hakuomba kumwona Bilali. Alirudi Mangobo kwa miguu, akaisukuma mashine yake mpaka kwenye kona, ambako mikono yake minne haiwezi hata kuzunguka. Katikati ya chumba pako wazi, na Ursule amekatazwa kuweka hata kiti.

"Namungojea," anasema. "Kama hakuje, pale patabaki vile."