Aliyecheza kwa Jina Langu

Jezi zilikuwa kumi na mbili na sisi tulikuwa kumi na watatu. Nilihesabu tena, kwa sababu mtu aliyekulia kwenye biashara ya viatu vya mitumba haamini hesabu ya kwanza. Bado tulikuwa kumi na watatu, na asiye na jezi alikuwa mimi.

Ilikuwa mechi ya kwanza ya msimu wangu wa mwisho. Chuo chetu kiko Gatina, Kawangware, juu ya duka la saruji, na timu yetu ya basketi ya wanaume ilikuwa imezoea kushindwa kwa adabu. Kocha wa zamani, mwalimu wetu wa uhasibu, alimchezesha kila mtu aliyefika mazoezini. Alipopata kazi kwingine, chuo kikaleta kocha mpya, mtu wa ukoo wenye ploti za kupangisha hapo hapo Gatina, naye alituongelesha jinsi mwenye nyumba anavyoongelesha wapangaji tarehe tano. Wiki ya kwanza alikusanya kadi zetu za wanafunzi, akasema ni za kutusajili kwenye ligi. Hakuna aliyeuliza. Kila kocha hukusanya kadi.

Nilimuuliza jezi yangu iko wapi. Akasema zimepungua, nikae kwenye benchi na tracksuit, nitavaa mechi ijayo. Namba saba ilikuwa imevaliwa na jamaa ambaye sikuwahi kumwona mazoezini wala darasani, mwenye mabega kama mlango wa kontena. Mechi haikuwa imechangamka bado alipofunga. Kipaza sauti kikamtangaza mfungaji, na jina lililosomwa lilikuwa langu. Majina yote matatu, kama yalivyo kwenye kadi.

Mamluki kwenye ligi za vyuo si habari mpya. Lakini mamluki hachezi kwa hewa. Anahitaji kadi ya mwanafunzi halisi, na huyo mwanafunzi halisi lazima akae kando kama mwavuli siku ya jua. Kocha alichagua yangu kwa sababu picha yake ilikuwa imefifia. Aliniambia hivyo yeye mwenyewe baada ya mechi, bila aibu.

"Mimi na yule tunafanana wapi?" nikamuuliza.

"Refa huangalia kadi sekunde moja, kijana. Na tumeshinda. Hujafurahi?"

Tulishinda mechi iliyofuata, na iliyofuata hiyo. Chuoni watu ambao hawajawahi kukanyaga uwanjani walinisimamisha kwenye ngazi kunipongeza kwa pointi nilizofunga. Kapteni, ambaye tuliingia naye chuo siku moja, aliniambia nisilete mambo.

"Manze, tulia. Wewe ndiye star na hata hutoki jasho."

Wakacheka wote. Nilicheka pia, kisha nikatembea hadi kwetu Laini Saba nimefura hivi kwamba nilipita Makina bila kusalimia mtu, na Makina ukipita bila salamu, kesho utaulizwa nani amefariki.

Mama yangu hukaanga samaki kando ya reli. Hakuwa ameniona nikicheza hata mara moja, kwa sababu mechi ni Jumamosi na Jumamosi ndiyo siku yake. Sasa mteja mmoja, ambaye binti yake anasoma chuoni kwetu, alikuwa amemwambia kwamba mwanawe anavuma. Mama akasema Jumamosi ijayo atamwachia jirani karai, aje ajionee.

Nikaenda kwa kocha kupatana. Niliomba nusu ya mechi, nikijua nitashuka hadi robo moja. Yeye akaanza na "labda". Nikamwambia labda si bei. Tukavutana, tukafika robo ya nne, yote: mimi ndani ya namba saba, yule mwingine ameketi. Akanipa mkono. Mahali ninapouza viatu, mkono ukishatolewa, maneno yamekwisha. Hata ukikumbuka njiani kwamba umeuza kwa hasara, unameza.

Mama alikuja na nguo yake ya kanisani, akakaa mbele kabisa. Kila jina langu lilipotangazwa alisimama, akatazama uwanjani, akanitazama mimi kwenye benchi, akakaa tena. Jina langu la katikati ni la baba yake. Kwetu jina la aliyefariki halichukuliwi tu kama kiti kisicho na mtu. Mwenyewe huja ndotoni kusema mtoto aitwe yeye. Babu alimjia Mama mara mbili, ndipo akanipa.

Robo ya nne ilipoanza tulikuwa nyuma kwa pointi tatu. Nikavua tracksuit, nikasimama mbele ya kocha. Hakunitazama.

"Kaa chini," akasema. "Si unaona hali?"

Nikakaa. Muda mfupi baadaye refa alimpigia yule jamaa faulo ya tano, ile ya kumtoa, naye akamzaba refa kofi. Lilisikika hadi barabarani. Kipaza sauti, kwa bidii ile ile ya msimu mzima, kikatangaza nani ametolewa nje kwa kumpiga refa.

Mama hakungoja mwisho. Alikuja hadi kwenye benchi na kuuliza polepole, "Nyathina, mwanangu, yule aliyempiga mtoto wa wenyewe anaitwaje?"

Nikavaa tracksuit yangu tena.

"Mimi nimesikia wakimwita baba yangu," akasema. "Baba yangu hakuwahi kuinulia mtu mkono."

Akarudi kwa samaki wake.

Ligi ikamwita mwenye jina kwenye kikao. Kabla ya siku hiyo kocha aliniita ndani ya gari lake, akafunga vioo. Alitaka niende, niinamishe kichwa, niombe msamaha, nikubali kufungiwa mwaka mzima. Si namaliza masomo, akasema, kufungiwa kutaniuma wapi? Akaanza kunipandishia bei. Alianza na tracksuit mpya, na mtu akianza na tracksuit, ujue anachonunua ni cha wizi. Akaongeza viatu. Akaongeza namba saba, mechi zote zilizobaki, akisahau kwamba aliyefungiwa hachezi.

"Hii ni timu," akasema. "Jina ni la timu."

"Basi nenda na lako," nikamwambia, nikashuka.

Husemwa hasira hasara. Mimi hasara nilikuwa nimeshaipata, kwa hivyo sikuona hasira itanipunguzia nini.

Kwenye kikao waliniita, nikasimama. Refa, shavu bado limevimba, alinitazama akasema kwa uchovu, "Siye huyu." Mwenyekiti akauliza siku ile nilikuwa wapi. Kwenye benchi, nikasema. Na mechi zile nyingine? Kwenye benchi. Nikazitaja moja moja, kisha nikarudia kuzitaja, nisije nikawa nimeruka moja. Walifuta pointi zote tulizovuna na kumsimamisha kocha.

Tulikuwa tumebakisha mechi moja, isiyo na faida kwa yeyote. Kapteni alinikuta kwenye ngazi za chuo.

"Umetuuza," akasema.

"Bei gani?"

Akatema mate kando na kuondoka. Mechini tulifika watu saba tu, hivyo hakuweza kuniacha nje. Akanitupia namba saba, bado inanuka jasho la mtu mwingine.

Robo ya kwanza hawakunipa mpira. Robo ya pili vilevile. Nilikimbia, nikajitenga, nikainua mikono. Wakapasiana hata palipokuwa na ukuta wa wapinzani mbele yao, ilimradi mpira usinifikie. Basi nikaacha kuomba. Nikaenda kusimama chini ya ubao, na kila walipokosa, na walikosa sana, niliruka kuuchukua mpira mwenyewe.

Wa kwanza nilioushika, kapteni alikuwa peke yake upande wa pili, hana anayemkaba, mikono wazi.

"Leta," akaniambia.

Nilimwangalia vizuri. Nikarusha mwenyewe. Uligonga chuma ukarudi, nikaufuata tena.