Chungu cha Samli Kilichojazwa Shahamu

Mafuta hayanidanganyi. Wajukuu wangu wananiletea chupa zenye picha za maua na karanga, wanasema, "Bibi, haya ni safi, yameandikwa." Nami nawaambia, kuandika hata mwizi anaandika. Namimina kidogo kwenye kiganja, nasugua, nanusa, naweka tone kwenye mdomo wa juu na kungoja lipoe. Samli ya kweli huyeyuka kwa joto la mkono peke yake. Ikipoa ina chembechembe kama unga wa ulezi. Shahamu ya nyama haifanyi hivyo. Shahamu hugandamana mdomoni, ikaacha utando mweupe, na ulimi ukaona kama umelamba mshumaa. Wake za wanangu wote nimewafundisha, na katika kijiji hiki hakuna mfanyabiashara anayethubutu kuniletea samli iliyochanganywa.

Wananisifu. Hawajaniuliza nilijifunzia wapi.

Nilikuwa na miaka kama kumi na mitatu. Uhuru ulikuwa bado mbali, sisi tunakaa upande wa Kamuli, nyumba katikati ya migomba na kahawa. Mama alikufa nikiwa sijaota meno ya pili. Aliyenilea ni dada yangu. Yeye ndiye aliyenibeba, akanitoa funza miguuni, akanipeleka kwa katekista nikasoma herufi kwa miaka miwili, basi. Kisha akaolewa na mtu wa ng'ombe, huko kwenye majani mapana upande wa Songambele. Ndoa ya kanisani kabisa, na baba alivaa koti. Lakini watu wale, ingawa walibatizwa, ng'ombe wao hawakubatizwa. Walishika miiko yao ileile: maziwa na nyama havikutani katika tumbo moja siku moja. Aliyekula nyama hagusi maziwa mpaka kesho. Ukivichanganya, anayedhurika si mtu, ni ng'ombe aliyekupa maziwa. Chuchu zinapasuka, anatoa damu, ndama anakufa.

Mama mkwe wa dada hakumtaka. Alitaka mwanawe aoe binti wa watu wa ng'ombe. Alimwita dada "huyu wa mgombani," na dada alinisimulia akicheka, lakini machoni hakucheka. Alisema, "Mdogo wangu, pale natembea kama juu ya mayai. Nikikosea kitu kimoja tu, wananirudisha."

Mwaka wa pili akajifungua mtoto wa kike. Desturi ni kwamba nyumba aliyotoka mzazi ipeleke chungu cha samli, ili mzazi aichanganye na uji wa ulezi arudishe damu. Na chungu cha uzazi hakiendi na pengo. Ukikipeleka hakijajaa, maana yake umemtakia mtoto nusu ya uhai. Baba alikuwa na ng'ombe wawili tu, mvua zilichelewa, maziwa yalikuwa ya kulowesha kidole. Nilikaa na kisabo, kile kibuyu kikubwa cha kusukia maziwa, nikakisukasuka mapajani mpaka mikono ikafa ganzi. Siku baada ya siku. Nilichemsha siagi, nikachuja, nikamimina. Samli ikafika kwenye mabega ya chungu, ikakwama hapo.

Baba alikuwa ameshawatangazia majirani. "Binti yangu anasuka samli kama marehemu mama yake." Alisema hivyo kwa kila aliyepita, na mimi nikavimba kama mkate wa chachu.

Wiki ile ng'ombe wa jirani alitumbukia shimoni akavunjika miguu, wakamchinja, nasi tukapewa fungu. Fungu letu lilikuwa na mafuta mengi ya figo. Niliyayeyusha kwenye sufuria. Yakawa maji safi, yanang'aa, hayana tofauti na samli machoni. Kwetu mgombani mafuta yalikuwa mafuta, tulikaangia chochote kilichopatikana. Mwiko wa wale watu niliujua. Nisiseme sikuujua. Niliujua, nikajiambia ni kidogo, nikajiambia yatajificha ndani ya samli nyingi, nikamimina mpaka mdomoni mwa chungu. Kikajaa vizuri. Nikakifunika kwa jani la mgomba nililopasha moto, nikakifunga kwa kamba ya mgomba, nikajiona mke wa mtu.

Nilitembea siku nzima nikiwa nimekibeba kichwani. Mama mkwe alinipokea mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wa mgombani leo wameleta samli! Jua limetokea wapi?"

"Limetokea kwetu," nikamjibu. Nilikuwa na mdomo.

Akacheka, akafungua jani, akatazama ndani. Alitazama kwa muda. Kisha akachota kwa kijiko cha mti, akapasha kwenye kigae, akamimina kwenye uji wa dada. Dada alikuwa amekaa juu ya majani mapya, mtoto kifuani, amekonda lakini uso unawaka kwa kuniona. Alipiga funda la kwanza.

Nilimwona. Utando mweupe ulikaa kwenye mdomo wake wa juu. Aliufuta upesi kwa mgongo wa mkono, kabla mama mkwe hajageuka, akanitazama. Mpaka leo nikifumba macho ni yale macho. Hayakuwa ya hasira. Alinitazama kama anayemwona mtoto karibu na kisima, anaogopa kupiga kelele asije akamshtua akatumbukia.

Akanywa mpaka mwisho. "Samli ya kwetu," akasema. "Mdogo wangu ameikomaza vizuri."

Na jioni ileile alipewa maziwa, akayanywa mbele yao. Angekataa wangeuliza kwa nini.

Chungu kile alikula mwezi mzima. Hakumwaga, maana samli haimwagwi mbele ya watu wale. Kisha ng'ombe mkubwa wa nyumba, yule mwenye baka jeupe ubavuni waliyekuwa wakimwimbia, akapasuka chuchu. Maziwa yakatoka na damu. Ndama wake alikufa baada ya siku nne. Siku hizi mwanangu mmoja aliyesomea mambo ya mifugo ananiambia huo ni ugonjwa wa kiwele, upo kila mahali, unatibika kwa sindano. Namwitikia. Huenda ni kweli. Lakini yeye hakuletewa habari ile akiwa na miaka kumi na mitatu, amesimama uani na sufuria ileile mkononi.

Waliita watu wote wa nyumba, wakauliza nani amechanganya. Kabla swali halijazunguka, dada akasema, "Ni mimi. Nilikula nyama kwa jirani, sikungoja kesho."

Wakamrudisha. Alikuja kwa miguu, mtoto mgongoni, mkeka kichwani. Baba alipomuuliza alirudia maneno yaleyale: alikula nyama. Baba hakusema naye mpaka kahawa ilipoiva. Mimi nilikuwa nimesimama hapo. Mdomo wangu ule niliomjibia mama mkwe sikujua umekwenda wapi.

Tulipobaki wawili jikoni nikaanza kulia. Akanishika mkono kwa nguvu. "Nyamaza. Msichana aliyeharibu samli ya uzazi nani atamwoa? Mimi nimeshaolewa nimeshazaa. Wewe bado."

"Lakini dada..."

"Watasahau. Mume wangu atakuja kunichukua. Wewe funga mdomo."

Nilifunga. Miaka mitatu. Mume hakuja. Dada alilima, alivuna kahawa, alimkuza mtoto. Katika nyumba ile samli hakuigusa tena. Ndizi alizipika kwa karanga zilizotwangwa, maharage aliyala kwa chumvi tupu. Nikisuka maziwa yeye alitoka nje, akakaa nyuma ya nyumba mpaka nimalize. Hakunisema hata mara moja. Afadhali angenipiga.

Mtoto alipoacha ziwa na kuanza kukimbia, wakatuma neno: mtoto ni wa baba yake, aletwe. Dada alimwogesha, akamsuka, akampaka mafuta ya mbarika mwili mzima. Hakuweza kwenda. Nikampeleka mimi. Njia nzima yule mtoto aliniuliza majina ya ndege, nami nilikuwa napanga maneno. Niliapa nitasema. Nikisema, dada atarudishwa kwake, na mtoto hatakuwa ametoka mikononi mwa mama yake.

Nilimkuta mama mkwe ameketi chini, anasukasuka kisabo. Mtoto akamkimbilia kwa sababu ya sauti ya maziwa, chubwi, chubwi. Nikapiga magoti.

"Mama, ile samli ya uzazi. Dada hakula nyama kwa mtu. Mimi nilijaza chungu kwa shahamu."

Hakuacha kusuka. "Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu nilipofungua jani. Ilikuwa ya manjano katikati, nyeupe pembeni, kama jicho lililoingia ukungu. Kasichana, mimi nimezaliwa katika samli."

"Ukampa akanywa?"

Hapo mikono yake ilisimama. Alitazama mlangoni, hakunitazama mimi. "Nilitaka nione atafanya nini. Nilijua akiitema, aibu ni ya kwenu. Akiinywa, nitakuwa na la kusema siku nikitaka. Sikufikiri ng'ombe atatoa damu. Alipotoa damu nikaogopa, maana kigae nilikipasha mimi, na uji niliukoroga mimi. Ningesema nini? Kwamba nimelisha mwiko kwa mkono wangu?" Akaanza kusuka tena. "Dada yako akasema ni yeye. Nikamwacha aseme."

"Basi mwambie mwanao sasa. Amrudishe."

"Mwanangu ameoa. Mke yuko nyuma hapo anakata majani, tumbo limeshaonekana. Nimfukuze huyo kwa sababu yako?"

Kutoka nyuma ya nyumba nilimsikia mwanamke akiimba. Alikuwa na sauti nzuri. Mtoto wetu akatoka mbio kwenda kumwona.

Nilirudi peke yangu. Dada alikuwa amekaa kizingitini, anamenya karanga, ganda moja huku, ganda lingine kule, na nyingi zilikuwa zimeanguka nje ya ungo.

"Alilia?" akauliza.

"Hakulia."

"Wamempa nini?"

"Maziwa. Na uji wenye samli."

"Ulionja kwanza?"

Sikuwa nimeonja. Nilisema nimeonja, ni samli safi. Kisha nikamwambia yote: kwamba nimekiri, kwamba yule mama alijua tangu mwanzo, kwamba kuna mke mwingine. Aliendelea kumenya. Jua likashuka mpaka migomba ikawa myeusi, ndipo aliposema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeniomba chumvi:

"Nilikuambia ufunge mdomo. Mimi nilijua nimeyabeba kwa ajili yako, na hilo lilinitosha. Sasa umekwenda kuyatua pale, ukaona yamekuwa mepesi. Na mimi nimebaki na nini?"

Aliingia ndani. Mimi niliolewa mwaka uliofuata, tena vizuri, kwa watu wa ng'ombe, na samli yangu ikasifiwa. Dada hakuolewa tena. Alikufa kabla mtoto wake hajakua wa kumtembelea peke yake. Siku ya mazishi yule binti aliletwa, amenawiri, amepakwa samli usoni inang'aa. Nilimkumbatia, na kabla sijajizuia nilikuwa nimeweka kidole kwenye shavu lake na kukilamba.

Ilikuwa safi.