Namba ya Warda

Wakazi wote wa Mbuchi mnatangaziwa, kwa heshima na taadhima, kwamba Mzee Kibwana, aliyezeekea kwenye kuhesabu boriti za mikoko, amethibitisha kuwa namba ya simu ya marehemu mkewe, Warda, ni namba tasa: haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe.

Mnaocheka, chekeni taratibu. Dada yake mdogo, Biasha, alimsihi aifute, maana kila jina lile likijitokeza kwenye simu, Kibwana hagusi chakula. Akaapa: ikigawanyika sawasawa, ataifuta. Miaka minne akaigawanya kwa kalamu, kwa kila namba tasa ndogo, na kila mara hakuiweka kalamu chini mpaka aone baki. Alipovuka elfu ishirini na nane akaacha, kwa kuwa namba mbili za kupita hapo zikizidishana zingeipita ya Warda.

Biasha akalifunga daftari la kumi na tisa.

“Haya, kaka, umeshinda. Haifutwi. Ehe, na hiyo namba yako kubwa ina sifa gani nyingine?”

“Nikiipiga, hapokei mtu,” alisema Kibwana.