Wekundu Juu ya Mlima

Juzi binti yangu anayesoma Ujerumani alinitumia picha ya anga jekundu kama rozela. "Tuliambiwa tangu mchana, mama," akasema kwenye simu. Jua likirusha dhoruba kali, wataalamu huipima, na ikizidi sana mwanga wa kaskazini husogea kusini hadi kwao. Kazi inayobaki ni kuomba mawingu yasitande.

Rafiki yangu, mwanga huo niliwahi kudhani nimeuona kwetu Kibosho, chini ya mlima.

Nilikuwa darasa la sita. Kiangazi kilikuwa kikali, migomba imenyauka, mfereji umebaki matope. Jioni moja, mimi na bibi tukimenya ndizi za supu ya mtori, anga juu ya mlima likawa jekundu. Bibi akaweka kisu chini, akashika rozari. Mimi nikaruka kwa furaha, maana mwalimu alikuwa ametufundisha juu ya mwanga wa kaskazini, na kwetu mlima uko kaskazini.

"Usiogope, bibi! Ni mwanga tu, hauchomi."

Mwalimu alikuwa jirani. Nikamkimbilia, akaja uani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba."

Akatazama juu kwa muda. "Ule mwanga haufiki kwetu," akaniambia taratibu. "Tuko karibu mno na Ikweta. Huu umekaa chini, mgongoni mwa mlima, tena unachezacheza. Huo ni moto." Kisha akamgeukia bibi. "Baba yake yuko wapi?"

Baba alikuwa mpagazi. Alikuwa amepanda na wageni.

Bibi hakulia. Alirudi kumenya ndizi, nyingi kuliko tulizohitaji. "Akirudi atakuwa na njaa," akasema.

Wanaume walipanda na mapanga kwenda kuuzima. Majivu yakatua kwenye majani ya kahawa. Kila jioni mwalimu alikuja tukatazama pamoja wekundu umehamia wapi. "Upepo unausukuma mashariki," alisema. "Njia ya baba yako iko magharibi." Nililala kwa maneno hayo.

Baba alirudi Jumapili tukitoka misa, nyusi zimeungua, ananuka moshi. Alikula mtori, akasinzia ameketi. Bibi akalitoa bakuli mkononi mwake polepole, ndipo machozi yakamtoka.

Bibi na mwalimu wametangulia. Kibosho sasa ina umeme, na jioni watu wako ndani na televisheni zao. Habari za mlima huzisoma kwenye simu. Nikienda nyumbani hutoka uani kutazama juu, na sijawahi kukuta jirani aliyetoka kutazama nami.