Mchonga Vinyago Aliyeng'oa Miche ya Muhugu

Saa mbili asubuhi, Alhamisi. Lango la bustani ndogo ya umma nyuma ya maghorofa ya Tassia, Nairobi, linafunguliwa, na watoto arobaini na mmoja kutoka mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa Njenga wanamiminika ndani, kila mmoja na chupa yake ya maji. Wamekuja kwa miguu. Mtunza bustani, Kyule Muthama, anawangoja, na neno lake la kwanza si karibuni.

"Mnauona ule mti? Mimi niliung'oa," anawaambia. "Kwa mikono hii."

Watoto wanaangua kicheko. Mtunza bustani kung'oa miti! Lakini Kyule hatanii, na huu ni mwaka wa tano anakisimulia kisa hicho.

Kyule, mwenye umri wa miaka 58, ni mzaliwa wa Wamunyu, Kaunti ya Machakos, ambako wavulana wengi wa rika lake walishika tezo kabla ya kushika kalamu. Kwa miaka ishirini na saba alichonga twiga na vifaru katika kibanda cha vinyago Pumwani. Mti wake ulikuwa muhugu, ambao mbao yake ni nzito na inanukia.

"Nifunge kitambaa machoni, nipe vipande kumi. Muhugu nitautoa kwa kunusa tu," anasema, na majigambo hayajamwisha hata leo. Muhugu ndio uliowasomesha wanawe watatu.

Kisha watalii wakaadimika, kibanda kikafungwa. Kyule akawa mtu wa kusimama kwenye malango ya viwanda, kibarua siku moja, siku sita bure. Alipopata kazi ya bustani, kwa shilingi elfu kumi na nane kwa mwezi, mkewe alipiga vigelegele mpaka majirani wakadhani kuna arusi.

Wiki ya pili kazini, msimamizi wake, Bi Kavutha Nzivo, alimwagiza apalilie kando ya ua. Kyule akapalilia kwa bidii ya mgeni anayetaka kusifiwa. Kufikia adhuhuri palikuwa peupe pe. Miche kumi na miwili ya muhugu, ambayo Kavutha alikuwa ameilea tangu mbegu, ilikuwa imelala juani pamoja na magugu.

"Nikamuuliza, 'Kyule, si ulisema wewe ni mchongaji? Muhugu huujui?'" anakumbuka Kavutha, sasa akicheka. "Akaniambia, 'Madam, naujua sana. Lakini sijawahi kuuona ukiwa na majani.'"

Na kweli hakuwahi. Magogo yalimfikia kwa lori, yamekwisha kukatwa na kuchunwa magome. Mti ulimlisha miaka yote hiyo, naye hakuwahi kuukuta hai. Jamani, aibu iliyompata!

Kavutha angeweza kumfuta papo hapo. Badala yake alimpa miezi miwili. Airudishe miche udongoni. Ukichipua hata mmoja, atabaki. Usipochipua, arudi Wamunyu.

Ilikuwa Januari, na mifereji ilitoa maji siku moja kwa wiki. Miche ikakauka mmoja baada ya mwingine. Wiki ya tano ulikuwa umebaki mmoja tu, tena hauna jani. Ndipo watoto wa shule walipokuja matembezi, na msichana wa darasa la tatu, Ruqiyo Hirad, akamkuta Kyule amechuchumaa kando ya mche huo.

"Mzee, hiyo si imededi, si imekufa?" akauliza.

Kyule akafanya kile alichozoea kufanya kwa gogo asiloliamini. Akakwaruza gome kwa ukucha. Chini yake palikuwa na ukijani, mwembamba kama uzi.

"Bado iko," akamwambia.

Ruqiyo akafungua chupa yake, maji ya kunywa siku nzima, akamimina kifuniko kimoja kwenye shina. Wenzake wakapanga foleni nyuma yake, kila mtoto kifuniko kimoja. Mwalimu alitaka kuwakataza kwa kuwa jua lilikuwa kali. Akabadili nia, akafungua chupa yake pia.

Wiki iliyofuata walirudi, na iliyofuata tena. Siku ya hamsini na tatu, jani likatokea. Kyule akampigia Kavutha simu huku akilia. Kavutha, kwa kusikia kilio tu, akadhani kuna msiba.

"Namshukuru Mungu, namshukuru Madam," anasema Kyule, akifuta macho bila kujificha. "Lakini wale watoto, ngai! Walikuwa na kiu, na bado wakanywesha mti wangu."

Leo Ruqiyo ana miaka kumi na minne, na kila likizo huja kujipima na mti huo. "Darasani mti ulikuwa mchoro tu," anasema. "Hapa nilijifunza kungoja. Na nilijifunza kwamba mtu mzima anaweza kukosea, aseme, na arudie. Sasa umenipita urefu, imagine!"

Kyule huwapa wageni wake kipande cha mbao wanuse, kisha jani lenye weupe upande wa chini, ili wasije wakajua kimoja bila kingine kama yeye. Leo mtoto mmoja anataka kujua ni lini mti utafaa kuchongwa.

"Labda miaka hamsini."

"Na utauchonga wewe?"

"Nani, mimi? Mimi nimechonga ya kutosha. Huo uacheni."

Miaka miwili ijayo atastaafu. Kabla ya hapo anataka kumaliza kibao anachokichonga kutoka kwa gogo la mwisho aliloliokoa kibandani, kisimame kando ya mti. Hakitakuwa na jina lake. Maneno ameshayachagua: "Kifuniko kimoja tu. Asante."

Watoto wanafungua chupa na kupanga foleni. Mvua imenyesha usiku kucha, udongo umelowa, na mti hauhitaji hata tone. Kyule anajua hivyo vizuri. Anavua kofia, anasogea kando, na kuwapisha.