Njaa Iliyopimwa Mara Tatu

Katika boma la wakwe zangu huko Iguhu nilijulikana kuwa mlafi kabla hawajajua somo ninalofundisha. Kosa langu lilitokea siku ya tatu baada ya kuolewa. Tulikuwa tumekula obusuma, yaani ugali, na mboga ya mrenda, mboga ikabaki kwenye bakuli langu, nami, kwa ujinga wa mtu aliyelelewa katika nyumba ambamo chakula huombwa, nikamwomba mama mkwe aniongeze kipande cha obusuma. Aliniongeza. Kisha akachungulia sufuria, akamgeukia jirani aliyekuwa ameketi mlangoni, akasema kwa sauti ile ya kutangaza matanga, "Huyu msichana tumbo yake haina mlango."

Jirani yule alikuwa na kazi moja hapa duniani, nayo ni kusambaza habari, na hakuwa mvivu. Kufikia Jumapili wanawake kanisani walinisalimia wakitazama tumbo langu.

Ingekuwa kejeli tu, ningevumilia. Nilifundisha darasa la nne, na anayefundisha darasa la nne hashindwi na kejeli. Lakini kule kwetu mke hapiki kwake mpaka mama mkwe ampe jiko: aje mwenyewe na makaa kutoka mekoni pake, awashe moto kati ya mafiga mapya, akukabidhi mwiko. Kabla ya siku hiyo unapika kwenye jiko lake, unapakua akiangalia, na unakula kilichobaki. Mke wa shemeji yangu aliolewa nyuma yangu akapewa jiko lake kabla ya mwaka kwisha. Mimi nilikuwa naingia mwaka wa tatu. Nilikuwa na nyumba ya bati, kitanda cha mbao, redio ya betri, na jiko ambalo kuku walilitumia kutagia. Mume wangu alifanya kazi mjini Kakamega na kuja wikendi, na kila alipomuuliza mama yake juu ya jiko langu alijibiwa, "Nikimpatia, atakumalizia mahindi." Mume wangu alikuwa akicheka. Kicheko hicho sijakisamehe chote hadi leo.

Hapo ndipo daktari alipokuja. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, wakati wa kupanda. Alikuwa mwanamke kijana kutoka Nairobi, mwenye viatu visivyojua matope, na alikodi ukumbi wa kanisa. Alitafuta watu wazima wenye afya njema. Jambo hilo peke yake lilizua maneno, kwa sababu hatukuwa tumewahi kumwona daktari akitafuta wasioumwa. Alitueleza kwamba tumbo na utumbo hutuma ujumbe kwenda kwenye ubongo kwa njia ya damu, ujumbe wa njaa na ujumbe wa shibe, na kwamba ujumbe huo huitwa homoni. Yeye alitaka kujua kama mtu mzima mwenye afya hubaki na ujumbe ule ule siku zikipita. Angetupima mara tatu: sasa, baada ya mwezi, na tena baada ya mavuno. Tungekuja asubuhi bila kula, tutolewe damu, tupewe chakula kilichopimwa kwenye mizani, kisha tutolewe damu tena na tena mpaka mchana.

Nilimsikiliza nikaona jiko langu linawaka. Kama njaa iko kwenye damu, basi kuna karatasi itakayosema kwamba mimi si mlafi, na karatasi hiyo itakuwa na muhuri. Nilijiandikisha siku hiyo hiyo.

Mama mkwe alijiandikisha kesho yake. Alisema anataka pakiti ya sukari waliyopewa wote waliojiandikisha, lakini nilijua amekuja kunichunga. Katika mkutano wa akina mama alisimama na kusema mbele ya wote, "Wampime. Daktari akisema huyu mtoto ako sawa, wiki hiyo hiyo nitamwashia moto." Akina mama wakapiga makofi kana kwamba kuna harambee. Sikuwa na la kufanya ila kutabasamu, na nilitabasamu kwa meno yote.

Asubuhi ya kwanza tulikuwa watu kama ishirini kwenye mabenchi, hakuna aliyetia kitu kinywani tangu chakula cha jioni. Daktari aligawa karatasi. Kila karatasi ilikuwa na mstari mmoja. Mwanzo wa mstari paliandikwa "sina njaa kabisa" na mwisho wake "nina njaa kali sana". Ulitakiwa uweke alama mahali ulipo. Matumbo yalikuwa yakinguruma ukumbi mzima. Alizikusanya karatasi, akazitazama, akazitazama tena. Wote tulikuwa tumeweka alama kwenye "sina njaa kabisa". Wawili walikuwa wameiweka nje ya mstari, kabla haujaanza, ili asiwe na shaka.

Daktari akauliza kwa upole kama tumekula nyumbani. Tukakataa. Akauliza basi imekuwaje. Alijibu karani mmoja mzee aliyestaafu, mtu wa tai hata shambani. "Daktari," akasema, "mtu hawezi kuja kwa watu aseme ako na njaa. Sasa si watasema bibi yangu hapikangi?"

Tuliitikia kwa vichwa, watu wazima wenye afya njema. Daktari aliandika kitu kwenye daftari, na nadhani hakikuwa sifa.

Chakula kilipokuja kilikuwa obusuma na maharagwe. Mama mkwe aliketi mbele yangu. Alimega tonge dogo, akalitafuna kwa muda mrefu, akasukuma sahani na kusema, "Nimeshiba, asanteni." Mimi ningekubali kushindwa wapi? Nilimega dogo kuliko lake. Nikaacha robo tatu ya sahani, huku macho yanatoka maji, nikasema nimeshiba mpaka nashindwa kupumua. Wasaidizi wa daktari waliyapima mabaki yetu kwenye mizani. Mabaki yalikuwa mengi kuliko chakula tulichokula, na kila mtu alijivunia.

Tulipofika nyumbani mama mkwe alisema anaenda kuangalia ng'ombe, nami nikasema naenda kusahihisha vitabu vya wanafunzi. Nilizunguka nyuma ya nyumba nikaingia jikoni kwake kutafuta viazi vitamu vya jana. Nilimkuta ameinama juu ya chungu, shavu moja limevimba. Tulitazamana.

"Naonja tu," akasema alipoweza kusema. "Nilidhani vimeharibika."

"Mimi nimekuja kuchukua kisu," nikasema. Kisu kilikuwa nyumbani kwangu. Sikula kiazi siku hiyo, na nilimchukia mpaka jioni.

Mara ya pili, baada ya mwezi, mambo yalikuwa yale yale, ila mahindi ya ghalani yalikuwa yamepungua na matumbo yalinguruma zaidi. Alama zetu hazikusogea. Karani mzee aliacha sahani yake bila kuigusa na kuwaombea wapishi baraka.

Mara ya tatu ilikuwa baada ya mavuno, na daktari alikuwa amepata akili ya kwetu. Alining'iniza shuka kwenye kamba akagawa ukumbi kuwa vijumba vidogo, mtu mmoja kila kijumba. Karatasi ulijaza peke yako na kuitumbukiza kwenye kisanduku. Chakula ulikula peke yako. Alituambia kwamba wapishi wameshaenda na hatajua nani ameacha nini, jambo ambalo halikuwa kweli, maana kila sahani ilikuwa na namba. Nilikuwa namba nane. Mama mkwe, upande wa pili wa shuka, alikuwa namba tisa.

Hakuna aliyeniona. Niliweka alama kwenye "nina njaa kali sana", nikatazama nyuma kama mwizi, kisha nikala kila kitu. Nilisikia pia shuka la upande wa mama mkwe likitikisika. Msaidizi alipopita na sahani mkononi niliiona namba tisa: ilikuwa safi, hata mchuzi ulikuwa umefutwa kwa kidole.

Majibu yalichukua muda, damu zetu zilisafiri mbali kuliko sisi. Daktari aliporudi aliita mmoja mmoja, lakini mama mkwe aliingia pamoja nami. "Huyu ni mtoto wangu," akasema, "hana siri na mimi." Daktari akaniuliza kama nakubali. Nilikubali, kwa kuwa nilimhitaji shahidi.

Alituonyesha karatasi yangu. Ilikuwa na mistari mitatu iliyopanda na kushuka, mmoja kwa kila siku ya kupimwa, na ilikaribia kulaliana. "Mwalimu," akasema, "mdomo wako ulinipa majibu tofauti. Damu yako imenipa jibu moja mara zote tatu, wakati wa kupanda na wakati wa mavuno."

"Kwa hiyo mimi si mlafi?" nikauliza.

Alicheka kidogo. "Hakuna kipimo cha ulafi. Hii inasema tu kwamba wewe ni mzima, na ni yule yule."

Nilitaka kumtikisa. Niliacha sahani mbili za obusuma kwa ajili ya muhuri, naye ananiambia mimi ni mimi. Lakini mama mkwe hakuwa akinisikiliza. Alikuwa ameomba karatasi yake na kuishika kwa mikono miwili. Nayo ilikuwa na mistari mitatu iliyolaliana, kama yangu. Daktari akamwonyesha kwamba mara mbili aliandika hana njaa, na mara zote mbili damu yake ilikuwa na njaa.

"Kumbe hii damu inasemanga tu," akasema mama mkwe. "Hata haiombi ruhusa."

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Tulipovuka mto akaniambia, bila kunitazama, kwamba alipoolewa kwenye boma lile mama mkwe wake alikuwa akihesabu matonge, na yeye akipita manne anapigwa mwiko kwenye mkono. Baadaye mama mkwe yule akafa, lakini yeye aliendelea kuishia manne mezani na kula mengine chunguni akiwa amesimama. "Nilizoea," akasema. "Nikaona hata wewe utazoea." Nilimhurumia, na nilikasirika kwamba namhurumia, kwa sababu miaka mitatu ni miaka mitatu.

Alitimiza neno lake. Alhamisi alifukuza kuku jikoni kwangu, akaleta makaa kwenye kigae, akapuliza mpaka moto ukashika, akanipa mwiko. Nilisonga obusuma yangu ya kwanza kwenye moto wangu. Mume wangu hakuwepo, na sikumkumbuka. Nilimpakulia mama mkwe yeye wa kwanza, akaketi kwenye kigoda, akala tonge la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Hapo akasita. Aliinua macho, akanisogezea sahani.

"Mwalimu," akasema kwa sauti ndogo sana, "niongeze."

Ningependa kuandika kwamba nilimwongeza hapo hapo kwa moyo mweupe. Lakini kabla mkono wangu haujafika kwenye mwiko, shingo yangu ilikuwa imeshageuka, na nilikuwa nachungulia sufuria kuona kimebaki kiasi gani. Yeye aliniona nikichungulia. Alirudisha sahani yake magotini, akasema ameshiba.