Sikio la Kulia la Mwalimu Nilufa

Saa nne asubuhi. Nje, mji wa Jashore unaungua jua, na muuza singara, zile sambusa za viazi, wa kona ya mahakama amekwisha kumaliza sinia la kwanza. Ndani ya Studio Chhaya ni usiku wa manane.

"Zima feni!" anaamuru Kuddus Mridha, fundi wa picha, na feni inazimwa. Moshi wa ubani, aliouwasha ndani ya kopo la maziwa ya unga, unaacha kuyumba, unaning'inia hewani kwa adabu. Taa moja tu inawaka, juu kushoto. Mbele yake ametundika kipande cha dirisha la mbao lenye vijiti vilivyolazwa, na vivuli vyake vinaanguka ukutani kama mistari ya daftari.

Kwenye kigoda ameketi Nilufa, miaka ishirini na saba, mwalimu wa hisabati.

"Niangalie, Mwalimu, kama unavyomwangalia mwanafunzi aliyenakili hesabu za jirani."

Nilufa anamwangalia.

"Naam! Hapo hata mimi nakiri kosa," anasema Kuddus, na kubonyeza.

Nyuma ya pazia jeusi, bibi yake Nilufa, Bi Jobeda, anatafuna tambuu na kufuatilia kazi hii kwa wasiwasi mkubwa.

"We Kuddus, mbona mjukuu wangu umempaka masizi upande mmoja?"

"Si masizi, bibi. Ni kivuli."

"Kivuli kiko tele nje chini ya ukuta wa mahakama, tena bure. Na hiyo sigara mkononi mwake?"

"Chaki, bibi. Kila sigara unayoiona katika picha zangu ni chaki."

Bi Jobeda anaomba aishike chaki hiyo. Anainusa, anachora nayo kwenye kucha, kisha anairudisha bila kuomba radhi.

Wasiwasi wake una msingi. Picha hii haitatundikwa sebuleni. Inakwenda kwa mshenga, na mshenga ataipeleka kwa familia ya Imdad, kijana mwenye duka la dawa. Kwa mujibu wa sheria ya mji huu, ambayo haijaandikwa popote na haijavunjwa na yeyote, picha ya kuposea huonyesha macho mawili, masikio mawili, na mwanga wa kutosha kumfanya msichana afanane na gunia la unga. Nilufa amekwisha kupigwa picha tatu za namna hiyo. Washenga watatu walizirudisha.

"Zote zilikuwa za mtu mwingine," anasema Nilufa. "Safari hii nimesema naenda kwa mjomba Kuddus. Atakayeogopa nusu ya uso wangu, uso mzima atauwezea wapi?"

Kuddus ana miaka hamsini na minne, na sharubu anazozichana kabla ya kila picha, kana kwamba ndizo zinazopigwa. Alianza akiwa na miaka kumi na sita kama mbeba taa wa kundi la maigizo lililozunguka vijijini. Kazi yake ilikuwa kummulika mwovu kutoka chini na shujaa kutoka juu. Usiku mmoja alibadilisha taa kwa bahati mbaya, na watazamaji wakampigia makofi mwovu hadi akalia kwa furaha.

"Hapo ndipo nilipojua kwamba uso ni mali ya mwenye taa," anasema.

Kundi lilipovunjika, mwenye kundi alimpa taa tatu kama kumbukumbu. Kuddus alikuwa amekwisha kuzitazama sinema zote za zamani za wapelelezi, zile zisizo na rangi, ambamo kila mtu anavaa kofia na mvua haikatiki. Akafungua studio, akaipa jina Chhaya, yaani kivuli, na kungoja wateja wenye siri.

Wakaja wenye pasipoti.

Mpaka leo pasipoti ndizo zinazomlisha. Picha nne ni taka themanini, fedha ya huku. Picha ya kivuli ni taka elfu moja na mia mbili, na mwezi mzuri huleta wateja sita au saba: mawakili, mstaafu wa reli, daktari wa meno mmoja anayerudi kila mwaka na kofia yake mwenyewe. Taa zenyewe zinakula umeme kama wakwe. Zina joto la kuchomea mkate, hivyo mteja hupewa dakika nne kabla poda haijaanza kutiririka shingoni.

Lakini ukutani, juu ya droo ya fedha, kuna picha moja isiyouzwa. Msichana wa miaka ishirini, nusu ya uso iko kwenye mwanga, jicho moja linatazama kama limekukuta na kosa. Nusu ya pili ni giza tupu. Kando yake kuna msumari usiotundikwa kitu.

Msichana huyo ni Hosne Ara. Leo ana miaka arobaini na sita, na ndiye anayekata pasipoti kwa mkasi pale mezani.

"Nililetwa hapa kupigwa picha ya kuposewa," anasimulia bila kuinua macho. "Huyu bwana akanipiga hivyo. Picha ikafika kwa wenyewe. Shangazi zao wakakaa kikao, wakaamua sina jicho la kulia."

"Walituma mtu kuja kuhakikisha," anaongeza Kuddus kwa unyonge.

"Walimtuma mjomba wao, naye mwenyewe alikuwa na chongo! Akanitazama, akarudi, akasema hakuona vizuri. Uchumba ukafa."

Baba yake Hosne Ara alikuja studio na fimbo. Kuddus, aliyekuwa amejificha nyuma ya pazia jeusi, alitoka na kusema kwamba yeye binafsi ameyaona macho yote mawili, na hajalala vizuri tangu siku ile. Wachunguzi wa mambo ya mtaa huu wanakubaliana kwamba hiyo ndiyo posa fupi kuliko zote zilizowahi kutolewa Jashore.

Hosne Ara alikubali kwa sharti moja, na hajalilegeza kwa miaka ishirini na sita.

"Nilimwambia, nusu ile ilinipotezea mchumba. Nusu hii huipigi picha mpaka kivuli chako kimpatie mtu mchumba. Picha zangu za pasipoti napigwa, masikio yote mawili, kwa fundi wa mtaa wa pili."

Kwa fundi wa mtaa wa pili! Kuddus anaweka mkono kifuani kila anapolisikia hilo. Na tangu mkasa ule hakuna familia iliyomletea binti wa kuposwa, mpaka Nilufa alipokuja kwa miguu yake.

Picha inakwenda kwa mshenga siku ya Jumapili. Jumatatu, kimya. Jumanne Kuddus anapiga pasipoti tano na kumwambia kila mteja atazame kushoto. Hosne Ara anazitupa na kumtuma azirudie.

"Baba Tuli, kaa chini kabla hujaipoteza serikali nzima," anasema, akimwita kwa jina la mtoto wao.

Jumatano, saa tano, bajaji inasimama mlangoni. Anashuka mama mnene mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kifuani kwa akiba. Ni Rabeya, shangazi yake Imdad. Nyuma yake yuko Imdad mwenyewe, amebeba boksi la halua ya maziwa kama mtu aliyebebeshwa bomu.

"Ni wewe uliyepiga hii?" anauliza Rabeya, akiitoa picha pochini.

"Ni mimi, shangazi."

"Sikio la kulia liko wapi?"

Kuddus anazichana sharubu zake. Hosne Ara anaweka mkasi chini, anatoka, na baada ya muda wa kutafuna tambuu moja anarudi na Nilufa, ambaye shule yake iko uchochoro wa pili, pamoja na Bi Jobeda, ambaye hakuitwa na hakuhitaji kuitwa.

Nilufa bado ana vumbi la chaki mkononi. Anaketi kwenye kigoda, anavuta ukingo wa mtandio, anageuza kichwa.

"Hilo hapo, shangazi. Na jicho lake. Nikuhesabie na meno?"

Rabeya anabadilisha miwani. Anatazama sikio kwa umakini unaostahili almasi. Imdad anatazama jicho, lile la kwenye picha na lile la kwenye kigoda, na masikio yake mwenyewe yanakuwa mekundu.

"Mwalimu," anasema polepole, "mimi hesabu zilinishinda."

"Zinafundishika," anajibu Nilufa.

"Nyamaza kwanza, wewe!" Rabeya anamkemea mpwa wake, kisha anamgeukia Kuddus. "Sasa sikiliza, fundi. Picha tuliyowapelekea ya huyu kijana ni ya mwanga kotekote, mpaka chunusi zinahesabika. Wao wametuona wote, sisi tumewaona nusu. Hiyo si haki. Mpige na yeye nusu."

"Allah!" anasema Bi Jobeda. "Na chaki mpeni."

Feni inazimwa. Safari hii taa inahamia kulia. Imdad anatokwa jasho kabla ya dakika ya kwanza.

Leo picha hizo mbili ziko dirishani mwa studio, ubavu kwa ubavu. Mwanga wa Imdad uko upande mmoja, wa Nilufa upande mwingine, na giza lao limekutana katikati mpaka huoni la nani linaishia wapi. Wapita njia wanasimama. Familia mbili zimeuliza bei. Harusi ya Nilufa na Imdad imepangwa baada ya Idi.

Kuddus anasema hana mpango mwingine mwaka huu ila mmoja. Balbu mpya ameshanunua, ameifunga kwa pamba na kuiweka kabatini. Msumari ameupigilia upya.

"Uchumba si ndoa," mkewe anamkumbusha kutoka mezani. "Nikishakula pilau ya harusi ndipo tuzungumze."

Kuddus anatoka kununua singara, akipiga mluzi. Mkewe anabaki peke yake studioni. Hosne Ara anamaliza pasipoti ya mwisho, anatazama mlangoni, anainuka. Anaketi kwenye kigoda mbele ya taa iliyozimwa, anainua kidevu, na kugeuza uso taratibu, nusu ile isiyowahi kupigwa picha hapa ikiielekea kamera.

"Nafuta vumbi," anasema, ingawa hakuna aliyeuliza.

Mikono yake yote miwili iko mapajani, na kitambaa kiko mezani.